Tulipoulizwa Nyimbo Tuzipendazo

Usiku mmoja wa Ramadhani iliyopita, hapa kwetu Ushirombo, tulikuwa tumekwisha kurudi kutoka tarawehe, tumekaa uani juu ya jamvi, tukingoja chai ya tangawizi iepuliwe. Umeme ulikuwa umekatika, lakini mwezi ulikuwa mpevu, na mtu aliweza kuuona uso wa mwenziwe bila ya taa. Binti yetu mdogo, ambaye yu katika kidato cha nne, akatoa shauri kwamba kila mmoja wetu ataje nyimbo kumi azipendazo kupita zote, azipange kuanzia ya kumi mpaka ya kwanza, kisha aeleze sababu ya mpango wake. Ndugu zake wakalipokea shauri hilo kwa furaha. Sisi tulitaka kulikataa, tukidhani kuwa mchezo huo hauufai usiku wenyewe. Lakini tukakumbuka ya kwamba kuwakataza watoto kila jambo ni kuwafundisha kujificha. Basi tukanyamaza, na mchezo ukaanza. Hatukujua kuwa utatufikisha pahala ambapo tulipakwepa kwa miaka zaidi ya 40.

Huenda msomaji akauliza: gazeti la nyumba za Kiislamu lina kazi gani na nyimbo? Twamwomba astahimili kidogo. Hatukukusudia kutoa fatwa, kwani masheikh wamehitilafiana katika jambo hili tangu zamani, na kila mmoja ana hoja zake. Wako waliokataza ala zote isipokuwa dufu. Yuko Ibn Hazm wa Andalusia, aliyeona kuwa hadithi za kukataza hazikuthibiti. Na yuko Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijria, yaani 1111, ambaye katika kitabu chake cha Ihya aliuwekea usikilizaji mlango mzima, akaeleza kwamba wimbo hauingizi moyoni kitu kisichokuwamo, bali hukitikisa kile kilichomo. Tena sote twaijua habari ya siku ya Idi, pale wasichana wawili walipokuwa wakiimba nyumbani kwa Bibi Aisha, na Sayyidna Abubakar akawakemea, naye Mtume (s.a.w.) akamwambia awaache, kwa kuwa kila watu wana sikukuu yao. Mwenye kutaka hukumu na amwendee sheikh wake. Sisi tutasimulia yaliyotupata tu.

Aliyeanza ni mwana wetu mkubwa, ambaye hufanya kazi katika makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu huko upande wa Geita. Yeye alitaja nyimbo za bongo fleva na za singeli, za mwendo wa haraka unaomfanya msikilizaji aone kama anafukuzwa. Tulipomwuliza kwa nini wimbo wake wa kwanza ameupa cheo hicho, alisema: "Baba, huo ndio unaonikesha. Saa tisa ya usiku, vumbi limejaa puani na usingizi umenilemea, nikiuwasha huo nainuka kama niliyelala siku mbili."

Maneno yale yalitutia hofu. Tukamwambia: "Mwanangu, Imam Ghazali ameeleza kisa cha mtumwa mmoja aliyekuwa na sauti nzuri mno. Alikabidhiwa ngamia wenye mizigo mizito, akawa akiwaswaga na kuwaimbia. Na kwa utamu wa sauti ile wakaenda mwendo wa siku tatu katika usiku mmoja. Walipotuliwa mizigo wakafa wote, asibaki ila mmoja. Na Mtume mwenyewe alimwambia Anjasha, aliyekuwa akiwaimbia ngamia waliochukua wanawake, aende pole pole. Wimbo humsahaulisha mchukuzi mzigo wake, lakini haumpunguzii hata ratili moja."

Kijana akafikiri, kisha akajibu kwa adabu: "Kweli, baba. Lakini ngamia wale waliimbiwa na mtu mwingine. Mimi wimbo nauwasha mwenyewe na kuuzima mwenyewe." Hatukuwa na jawabu. Tulimwomba tu akumbuke kuuzima.

Akafuata mdogo wake, ambaye ni mwenye duka la vifaa vya simu karibu na stendi. Huyu alizipanga nyimbo zake kwa hesabu: huu umetazamwa na watu milioni kadha wa kadha, huu umepungukiwa kidogo, basi wa kwanza ni ule na wa pili ni huu. Dada yake akamcheka, akasema kuwa hakuulizwa nyimbo zipendwazo na watu, ameulizwa azipendazo yeye. Naye akatetea: "Watu wote hao hawawezi kukosea."

Hapo tuliwaeleza watoto kuwa mizani ya namna hiyo si mpya katika nchi hii. Jirani zetu Wasukuma wana vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagalu na Bagika, vilivyotokana na waganga wawili wa karne ya 19 walioshindana kwa dawa na kwa nyimbo. Baada ya mavuno, vyama hivyo hukutana katika uwanja mmoja, kila kimoja kikashika upande wake, vikacheza kwa wakati ule ule. Hakuna jaji anayekaa mezani na kalamu. Watazamaji wenyewe ndio jaji: wakivutwa na manju wa upande huu watakuja huku, wakichoka watakwenda kule, na upande wenye umati mkubwa ndio ulioshinda. Kule Bujora, karibu na Mwanza, mashindano ya namna hiyo hufanyika kila mwaka katika sikukuu ya Bulabo, mwezi wa Juni.

Lakini wazee walioyashuhudia mashindano hayo wanajua pia hila zake. Manju akiona umati unampungua hutoa chatu na kucheza naye, au huleta fisi aliyefungwa kamba, au mchezaji hurusha jembe juu na kulidaka. Watu humiminika, na hesabu ya watu huongezeka. Na pengine mtu akiulizwa asubuhi ni wimbo gani ulioshinda, atajibu kuwa alimwona chatu. Tukamwambia kijana wetu: "Katika hizo milioni zako, hebu jaribu kutoa waliokwenda kumtazama chatu, kisha utuambie wimbo umebakiwa na wangapi." Akacheka, akasema hiyo ni hesabu ngumu.

Binti yetu alikuwa na orodha ya kasida, kwa kuwa yeye ni katika wale wasichana wapigao dufu katika maulidi ya madrasa yetu. Alizipanga kwa sauti: ile ambayo waitikiaji huingia pamoja na kutoka pamoja ndiyo iliyokaa juu. Twakiri kuwa tulifurahi, si kwa kuwa ni kasida tu, bali kwa kuwa yeye alikuwa na sababu yake mwenyewe, wala hakuiazima kwa mtu.

Ikafika zamu yetu.

Twataka msomaji aelewe hali yetu. Sisi ni mwalimu wa madrasa, na jirani hutwita Maalim. Hata mama wa nyumba hutwita hivyo. Mtu mwenye jina kama hilo akiulizwa anapenda nini, huanza kwanza kufikiri anapaswa kupenda nini. Basi tulikohoa, tukajiweka sawa juu ya jamvi, tukaanza.

Burda ya Imam Busiri na Maulidi ya Sayyid Jaafar al-Barzanji wa Madina tuliziweka kando kabisa, tukasema kuwa hizo ni sifa za Mtume na hazishindanishwi na kitu. Kisha tukashuka katika nyimbo za watu. Nafasi za chini tulizipa bendi za ujana wetu, ambazo tulizisikia katika redio ya betri ya marehemu baba, wakati wa Radio Tanzania Dar es Salaam: Tabora Jazz, kwa kuwa Tabora ni kwetu pia, na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, yule mpiga gitaa aliyekwenda mpaka Osaka, Japani, katika maonyesho ya mwaka 1970, na akafariki kwa ajali ya gari huko Mombasa mwezi wa Januari 1979. Juu yao tukamweka Umm Kulthum wa Misri, ambaye baba yake alikuwa imamu wa msikiti, naye akaijua Kurani kabla ya kuijua jukwaa. Wimbo wake mmoja uliweza kuchukua saa nzima, na hapana aliyeona kuwa ni mrefu. Alipofariki mwaka 1975 mitaa ya Kairo ilijaa waombolezaji.

Na nafasi ya kwanza tulimpa Siti binti Saad.

Tulieleza kwa urefu. Tuliwaambia watoto jinsi Sultani Barghash wa Unguja, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alivyomtuma Muhammad Ibrahim kwenda Misri kujifunza muziki wa taarabu, na jinsi chama cha Ikhwani Safaa kilivyoundwa mwaka 1905, na nyimbo zikawa za Kiarabu na za mabwana. Kisha akatoka Siti, mtoto wa Fumba, aliyezaliwa yapata mwaka 1880, muuza vyungu na mtoto wa wauza vyungu, akaingia mjini, akaimba kwa Kiswahili mambo ya watu wanyonge na dhuluma wanazofanyiwa. Mwaka 1928 alikwenda Bombay akatiwa sauti yake katika santuri, naye ni miongoni mwa wa mwanzo kabisa katika Afrika ya Mashariki kufanya hivyo. Na santuri zile zilinunuliwa pwani nzima. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Tukamaliza kwa kusema kwamba hapana mwimbaji wa Kiswahili aliyemfikia, na kwamba huo ndio wimbo wetu wa kwanza.

Watoto walinyamaza kwa heshima. Mama wa nyumba, aliyekuwa akimimina chai, akauliza bila ya kuinua kichwa: "Maalim, santuri ya Siti umeisikia mara ngapi?"

Tukataka kujibu upesi, tukashindwa. Tulihesabu moyoni, na tukiwa tumefunga mwezi mtukufu hatukuweza kusema uongo. Tukajibu: "Mara mbili. Mara moja katika redio, na mara moja nyumbani kwa rafiki kule Tanga."

Akasema: "Basi huo ni wimbo unaouheshimu. Na kuheshimu si vibaya. Lakini mimi nimekaa nawe tangu mwaka 1988, na wimbo unaoupenda naujua. Ni ule unaouimba kwa pua ukiwa unatia udhu wa alfajiri, na ukiwa unapukuchua mahindi, na siku ile tulipokuwa hospitali na huyu binti yako ana homa, uliuimba usiku kucha. Hauna maneno. Miaka yote nangoja uniambie ni wimbo gani."

Watoto wakaanza kuuimba kwa pua, wote watatu, kila mmoja pahala pake, kwa maana nao walikuwa wameusikia tangu utotoni, wakidhani ni kasida ya zamani. Na sisi tulipousikia katika vinywa vyao tulishikwa na baridi, tukaiweka chini bilauri ya chai. Ulikuwa ni wimbo wa mama yetu.

Sasa tutalazimika kueleza jambo ambalo hatujapata kulieleza.

Mama yetu alikuwa Msumbwa wa hapa hapa. Hakupata kusoma, ila sura fupi chache alizofundishwa na baba baada ya kusilimu. Alikuwa akitwanga huimba, akipalilia karanga huimba, akipepeta mpunga huimba, na nyimbo zake zote zilikuwa za Kisumbwa, alizorithi kwa mama yake na bibi yake. Sisi tulikulia katika sauti ile kama mtoto akuliavyo katika harufu ya nyumba yao, ambayo haijui mpaka atoke aende mbali.

Tulitoka, tukaenda mbali. Tulisoma miaka kadhaa katika chuo kimoja cha pwani, tukarudi mwaka 1983, kijana mwenye kanzu nyeupe na vitabu sanduku zima. Siku ya tatu tangu kurudi, tulimsikia mama akiimba kinuni. Tukatoka nje tukamwambia, mbele ya majirani, ya kwamba nyimbo hizo ni za ujahili, na kwamba haifai nyumba ya mtu aliyesoma isikike nyimbo za mizimu. Hatukumwuliza wimbo unasema nini. Hatukutafuta dalili katika kitabu cho chote kati ya vile tulivyovileta. Tulisema tu.

Mama hakujibizana nasi. Alisema: "Haya, mwanangu, wewe umesoma," akaendelea kutwanga kimya. Na tangu siku ile hatukumsikia akiimba tena, mpaka alipofariki mwaka 1997. Ni miaka 14 ya mchi kupiga kinu bila ya sauti. Wakati ule tuliona kuwa tumeshinda, na tuliwahi hata kulisimulia jambo hilo kwa wanafunzi kama mfano wa mzazi aliyekubali nasaha.

Mama wa nyumba alipokuja kwetu mwaka 1988, mama alikuwa amekwisha kunyamaza. Usiku ule akasema: "Mama mkwe sikumsikia akiimba hata siku moja. Wimbo huu nimeusikia kwako tu." Basi ikadhihiri kuwa ulimi wetu ulimkataza mama, na koo letu likauficha wimbo wake, likaufuga kwa miaka yote hiyo bila ya ruhusa yetu.

Watoto wakataka maneno. Tukajaribu, tukaona kwamba tunayo maneno ya mwanzo tu, machache, mengine yamefutika. Usiku ule hatukulala vizuri.

Ilipopita Idi, siku ya tatu, tulipanda gari la abiria pamoja na kijana wetu wa duka la simu, tukaenda kwa mama mdogo, ndugu wa tumbo moja na marehemu mama, ambaye anakaa kijiji kimoja upande wa Runzewe. Ni ajuza, macho hayaoni vizuri, lakini masikio yake ni mazima. Tulimwamkia, tukamsomea dua, tukampa kilichokuwa mkononi, kisha tukamweleza haja yetu. Akanyamaza sana. Akauliza: "Si wewe uliyesema ni dhambi?"

Tukasema: "Ni mimi, mama."

"Na sasa si dhambi tena?"

Tukamwambia: "Sikujua unasema nini. Nilihukumu kabla ya kusikiliza. Nimekuja kusikiliza."

Akatafuna midomo, akatazama upande wa mlangoni, na baada ya muda akasema: "Bismillahi." Kisha akaeleza: "Dada alikuwa akianza hivyo. Haimbi mpaka aseme Bismillahi. Wewe ulikuwa ndani na vitabu vyako, hukumsikia." Akaimba.

Hatutayaandika maneno ya wimbo ule, kwa kuwa ni wa Kisumbwa na tafsiri ingeuchubua. Lakini maana yake tutaisema. Ni wimbo wa mwanamke ambaye mumewe amekwenda na msafara katika nchi ya shaba. Wasomaji wengine watajua ya kwamba Wasumbwa walikuwa wasafiri wakubwa katika karne ya 19. Walikwenda kwa miguu mpaka Katanga, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kutafuta shaba na pembe za ndovu. Msiri, aliyejifanyia ufalme wa Garenganze na kukaa Bunkeya mpaka alipouawa mwaka 1891 na watu wa msafara uliotumwa na mfalme wa Wabelgiji, asili yake ni huku kwetu. Wengi waliofuatana naye hawakurudi. Walioa kule, wakazaa kule, na wajukuu wao wako mpaka leo, wakiitwa Bayeke.

Mwanamke wa wimbo huu hutia kijiwe kimoja katika kibuyu kila jua linapokuchwa. Kibuyu kikijaa, huanza kingine. Mkwewe humwambia avimwage vijiwe, aolewe na ndugu wa mumewe. Naye hujibu kwamba bado hajamaliza kuhesabu. Hamna mzimu ndani yake, wala tambiko, wala neno la aibu. Ni subira tupu, na sisi tuliokuwa tukifundisha somo la subira kila Ijumaa tulimnyamazisha mtu aliyekuwa akiliimba.

Mama mdogo alipofika katika kibuyu cha tatu akanyamaza. Tukangoja. Tukamwuliza: "Mume alirudi, mama?"

Akasema: "Mimi sijui. Mwisho wake alikuwa akiuimba dada peke yake. Bibi alimfundisha yeye kwa kuwa ndiye mkubwa. Mimi nilimwambia anifundishe, akasema ngoja kwanza. Halafu wewe ukarudi kutoka pwani."

Hakulisema neno hilo kwa ukali. Alilisema kama mtu atajavyo mwaka wa njaa au mwaka wa mvua. Kisha akaagiza tuletewe uji.

Ndugu wasomaji, tumeuliza kwa wazee wengine wa Bukombe tangu siku ile. Wawili waliwahi kuusikia. Mmoja anaijua sauti tu, na wa pili anajua mpaka kibuyu cha pili. Hatujampata wa kutuambia kama yule mume alirudi kutoka nchi ya shaba. Huenda alirudi. Huenda wimbo wenyewe hausemi. Aliyejua tulimzika mwaka 1997, nasi tulikuwa tumekaa naye nyumba moja miaka 14 na hatukumwuliza.

Kijana wetu aliitia sauti ya mama mdogo ndani ya simu yake, naye tangu hapo hasemi tena habari za milioni, kwa maana wimbo huo una wasikilizaji saba. Yule wa makarasha aliomba apelekewe. Alitupigia simu baada ya wiki moja, akasema kuwa hauwezi kumkesha mtu, bali humfanya azime mashine mapema akalale. Tukamwambia kuwa hiyo nayo ni kazi ya wimbo. Binti yetu ndiye aliyeziandika orodha zetu zote katika daftari. Katika orodha yetu amemshusha Siti binti Saad mpaka nafasi ya pili, kwa idhini yetu, na katika nafasi ya kwanza ameandika "Wimbo wa Bibi", na mbele yake ameacha mistari mitupu kwa ajili ya mwisho, iwapo utapatikana.

Hatukusudii kwa maneno haya kuwaambia watu kuwa kila wimbo wa wazee ni mwema. Ziko zisizofaa, kama ziko za leo zisizofaa, na mzazi ana haki ya kuchagua kinachoingia nyumbani mwake. Lakini kuchagua kwahitaji kusikia kwanza, na mwenye kukataza asichokijua amehukumu bila ya shahidi. Sisi tulikuwa na elimu ya kutosha kumnyamazisha mama, na hatukuwa na elimu ya kutosha kumwuliza: wimbo huu unasema nini?

Basi kama yuko nyumbani kwako mama, au bibi, au shangazi ambaye huimba akifanya kazi, nenda ukakae karibu naye jioni moja, umwulize. Na ikiwa amenyamaza, umwulize pia, upesi, ni nani aliyemnyamazisha. Na ukiona kuwa ni wewe, mwombe radhi angali hai. Sisi tuliomba radhi juu ya kaburi. Twatumaini kwa Mola kuwa imefika, lakini kaburi halikutujibu.

Mwenyezi Mungu amrehemu mama yetu, amlaze pema yeye na wazazi wetu wote waliotangulia, na atusamehe yale tuliyoyasema kwa ujana na kwa haraka. Na kama yuko msomaji wa Kisumbwa, awe Ushirombo, au Masumbwe, au hata huko Katanga, ambaye bibi yake aliuimba wimbo wa vijiwe na kibuyu, na anaujua unavyokwisha, twamwomba atuandikie kwa anwani ya gazeti hili.

Wassalaam.